Ukitaka Kupanda Jukwaani Kutoka Chalinze

Nilituma muhtasari wa mada yangu saa tano usiku, siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, nikiwa ndani ya kibanda changu cha ufundi karibu na njia panda ya Chalinze. Nje, mabasi ya Tanga na Arusha yalikuwa yakikata kona kuelekea Segera na malori ya Morogoro yakinyoosha. Mkutano ulikuwa wa teknolojia, Dar es Salaam, kilomita 100 hivi kutoka nilipokaa. Majibu yalikuja baada ya wiki saba: mistari miwili, asante kwa kushiriki, nafasi zimejaa. Ratiba ilipotoka niliisoma mwanzo hadi mwisho. Kipindi cha teknolojia kwa mkulima mdogo kilikuwepo, dakika arobaini nzima, na mtoa mada alikuwa ofisa masoko wa mmoja wa wadhamini.

Iliniuma. Tangu hapo nimekutana na wengi walioumia hivyo hivyo: fundi simu wa Lugoba, binti mtengeneza programu wa Bagamoyo, mwalimu wa kompyuta wa Msata. Tunakaa, tunanung'unika, na mwaka unaofuata tunatuma muhtasari ule ule na kukataliwa tena. Nikaamua kujifunza orodha za wazungumzaji zinapangwaje. Niliyoyapata nayaandika kwa ajili ya yule mwenye kazi ya kweli mkononi asiyejua aanzie wapi.

Kwanza nikuonyeshe kazi yenyewe niliyotaka kuizungumzia, maana bila kuiona hutaelewa ninachokutaka uandike. Kiwangwa, huku kwetu, ni mananasi. Msimu ukichanganya, lori la Fuso linaegeshwa kando ya barabara ya vumbi, wakulima wanashusha mizigo kutoka kwenye pikipiki na matoroli, na karani anahesabu tano tano huku akitenganisha makubwa, ya kati na madogo. Zamani hesabu ilikaa kwenye daftari peke yake. Mvua ikinyesha daftari linalowa, na jioni mkulima anasema mia na ishirini, daftari linasema mia na kumi, ugomvi unaanza. Tukamwekea karani utaratibu wa ujumbe mfupi: namba ya mkulima, makubwa, ya kati, madogo, tuma. Mtandao ukikata, ujumbe unasubiri ndani ya simu. Ukirudi, unaondoka.

Wiki ya kwanza tukapata balaa. Mtandao ukiwa wa kusuasua, ujumbe mmoja ulikuwa unafika mara mbili. Mkulima mmoja akaonekana ameuza mananasi mara mbili ya aliyoleta, na mnunuzi akadhani anaibiwa. Tuliponea kwenye daftari lile lile tulilotaka kulitupa. Kila mstari wake ukapewa namba, na namba hiyo ikawa lazima iandikwe mwanzoni mwa ujumbe. Ukija ujumbe wenye namba iliyokwishapokelewa, mfumo unautupa. Mkulima naye anapata jibu kwenye simu yake kabla hajaondoka pale kwenye lori. Hilo ndilo nililotaka kulieleza ukumbini, dakika ishirini tu. Mtu yeyote anayejenga mfumo wa kukusanya taarifa mahali penye mtandao mbovu, iwe maziwa, samaki au chanjo, atakutana na ujumbe unaojirudia.

Sasa tazama nilichoandika kwenye muhtasari. Kichwa: "Mapinduzi ya kidijitali katika kilimo cha Tanzania." Ndani yake: teknolojia ni muhimu sana katika dunia ya leo, vijana tuna wajibu, wakulima wanakabiliwa na changamoto nyingi. Mananasi hayakutajwa. Kiwangwa haikutajwa. Ujumbe unaojirudia haukutajwa. Nilidhani ukubwa wa maneno ndio utakaonipandisha. Mwenye muhtasari kama ule akishindanishwa na ofisa masoko mwenye vazi zuri na slaidi nzuri, atashindwa kwa haki, kwa sababu wote wawili wanasema kitu kilekile na yule mwingine anakuja na pesa za udhamini.

Kwa hiyo lalamiko langu lina pande mbili, na nitazisema zote. Kamati zinachagua wale zinaowafahamu. Sisi nasi tunaziandikia kana kwamba tunaogopa kufahamika.

Tuanze na kamati. Orodha ya wazungumzaji unayoiona kwenye bango hujazwa kwa njia tatu, na ukishazijua utapunguza machungu mengi. Kuna viti vya wadhamini: kampuni imelipia ukumbi au chakula, na kwenye mkataba wake imeandikiwa hotuba moja au nafasi kwenye jopo. Viti hivyo havishindaniwi. Kuna viti vya walioalikwa, yaani wakubwa, wageni wa heshima, na watu ambao namba zao zimo tayari kwenye simu za waandaaji kwa sababu walizungumza mwaka jana. Kinachobaki ndicho kinachoitwa mwito wa wazi. Mikutano mingine huacha sehemu kubwa ya ratiba kwa mwito huo, na mingine huacha vipindi vichache vya mchana, chumba cha pembeni, wakati watu wamekwenda kula. Kabla hujakesha ukiandika, waandikie waandaaji uwaulize mambo matatu: vipindi vingapi vinatoka kwenye mwito wa wazi, nani anasoma mihtasari, na anayetoka mkoani analipiwa nauli na malazi au la. Maswali haya hayana utovu wa adabu wowote. Mwandaaji anayefanya kazi yake vizuri atajibu siku hiyo hiyo. Asipojibu kabisa, elekeza nguvu zako kwingine.

Kwetu pwani tunaambiwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Niliiamini methali hiyo miaka mingi na imenigharimu. Kazi njema iliyoko Miono au Mkange haijiuzi kwa mtu aliyeko Masaki, jijini Dar es Salaam, maana hapiti huko. Lazima mtu aitembeze, au mtu aifuate.

Kuna mfano mmoja mkubwa wa kazi kufuatwa, nao ulitokea kwenye ardhi yetu. Juni 2007 mkutano wa TEDGlobal ulifanyika Arusha. Miongoni mwa waliopanda jukwaani alikuwa William Kamkwamba, kijana wa miaka 19 kutoka wilaya ya Kasungu, Malawi. Aliacha sekondari kwa kukosa ada wakati wa njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, akasoma kitabu cha nishati katika maktaba ndogo ya kijijini, kisha akajenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme kwa baiskeli mbovu, feni ya trekta na mabomba ya plastiki. Hakutuma muhtasari. Gazeti la Daily Times la Malawi liliandika habari zake mwishoni mwa 2006, habari ikasambaa, na Emeka Okafor, Mnaijeria aliyekuwa akipanga programu ya Arusha, akaisoma na kuanza kumsaka hadi akampata. Kamkwamba hakuwa amepanda ndege maishani. Jukwaani alisimama dakika chache tu, Kiingereza chake kikiwa kifupi, huku akiulizwa maswali kuliko kuhutubia. Miaka miwili baadaye alirudi jukwaani, safari hii Oxford, akaeleza mwenyewe kwa utulivu. Kitabu chake kikatoka 2009, na filamu ikafuata 2019.

Wengi wakisimulia habari hii humsifu Kamkwamba, na anastahili. Mimi humfikiria zaidi Okafor. Alikuwa na ratiba ya kujaza kama waandaaji wote, na watu mashuhuri wa kuwapigia simu hawakuwa wachache. Alikubali kupoteza muda akimtafuta mtu ambaye hangeweza kumpata kwa barua pepe. Waandaaji wa makongamano yetu wanaosoma hapa, nawaomba kwa moyo wote mjiulize: kwenye orodha yenu ya mwaka huu, ni nani mlimtafuta? Hapa Chalinze ndipo inapofikia njia ya umeme ya kilovoti 400 kutoka Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Kuna mafundi huku wanaoishi na mambo kama hayo, ambayo nyinyi mnayajadili mkiwa kwenye kiyoyozi. Nauli ya kuja kuwaona ni ndogo kuliko gharama ya mabango yenu.

Narudi kwako mwenye kazi. Kwa kuwa huwezi kumsubiri Okafor, jifanyie mwenyewe kazi aliyofanya mwandishi wa lile gazeti: weka habari yako mahali ambapo mtu anaweza kuikuta. Rekodi video ya dakika tano kwa simu, ukieleza tatizo moja na ulivyolitatua, ukiwa umesimama mbele ya kitu chenyewe. Usiirembe. Sauti isikike, basi. Kamati nyingi huogopa kumpa jukwaa mtu ambaye hazijawahi kumsikia akizungumza, na hofu hiyo naielewa, kwa sababu mzungumzaji akiganda mbele ya watu mia tatu lawama inamwangukia aliyemchagua. Video hiyo inaiondoa hofu. Kabla ya hapo, zungumza mahali padogo: darasa la kidato cha tatu, mkutano wa chama cha ushirika, kikao cha mafundi wenzako. Mara yangu ya kwanza nilizungumza mbele ya wanafunzi arobaini wa shule moja ya sekondari, umeme ukakatika dakika ya sita, nikaendelea kwa chaki. Siku hiyo niligundua kwamba sehemu ya mwanzo ya maelezo yangu, ile ya "dunia ya leo", haikuhitajika kabisa. Wanafunzi waliinua vichwa nilipofika kwenye mananasi.

Ndiyo maana muhtasari wa pili niliuandika kwa kuanzia hapo. Kichwa: "Mananasi yaliyohesabiwa mara mbili: kukusanya taarifa Kiwangwa mtandao ukiwa mbovu." Sentensi ya kwanza ikaeleza tatizo, ya pili ikasema tulikosea wapi, ya tatu ikataja suluhisho. Ya nne ikasema msikilizaji ataondoka na nini: njia ya kutambua ujumbe uliojirudia bila kuhitaji intaneti, ambayo anaweza kuitumia kwenye mfumo wake kesho yake. Nikafunga kwa kusema tumeutumia mfumo wetu kwa misimu mingapi na makarani wangapi. Muhtasari wote hauzidi maneno mia na hamsini. Mtu aliyerundikiwa mihtasari mezani, tena baada ya kazi yake ya mchana, anakupa dakika moja au mbili. Dakika hizo zisiishie kwenye umuhimu wa teknolojia. Andika kosa lako pia. Watu wa kazi wakiona umekiri kilichovunjika, wanajua ulikuwepo kikivunjika.

Kuhusu lugha, hapa nina msimamo. Makongamano mengi ya Dar es Salaam huendeshwa kwa Kiingereza hata pale ambapo ukumbi mzima umelelewa kwa Kiswahili, na matokeo yake fundi hodari huonekana mzito, na msemaji mwepesi huonekana hodari. UNESCO imeipa lugha yetu siku yake, Julai 7, tangu uamuzi wa 2021. Kuisherehekea siku hiyo na kuifungia lugha nje ya ukumbi siku nyingine naona ni kosa. Ukituma muhtasari kwa Kiingereza kwa sababu fomu inadai hivyo, ongeza mstari mmoja: naomba kuzungumza kwa Kiswahili, slaidi zangu zitakuwa na Kiingereza. Omba. Mimi niliomba na nikakubaliwa kwenye mkutano mdogo, na maswali yaliyoulizwa baada ya hapo yalikuwa ya watu waliokuwa wamekaa kimya tangu asubuhi.

Utakataliwa hata ukiandika vizuri. Hapo watu wengi huvunjika, kwa hiyo nikuhadithie jambo lililofanyika mbali na kwetu. Mwaka 2014 mkutano mkubwa wa watafiti wa mashine zinazojifunza, uliokuwa ukiitwa NIPS, ulifanyika Montreal, Kanada. Wenyeviti wa programu, Corinna Cortes na Neil Lawrence, walichukua makala 166 wakazigawa kwa kamati mbili tofauti, kila moja ihukumu peke yake bila kujua uamuzi wa mwenzake. Kamati hizo zilitofautiana kwenye makala 43. Ukizitazama zile ambazo kamati moja ilizikubali, zaidi ya nusu yake zilikataliwa na kamati ya pili. Hao ni wataalamu, wakifuata vigezo vilevile, wakisoma makala nzima. Sembuse watu watano wanaosoma aya moja moja usiku. Jibu la "nafasi zimejaa" usilisome kama hukumu ya kazi yako. Rekebisha, tuma kwingine, na utume kwenye mkutano zaidi ya mmoja kwa mwaka.

Lakini usikae kimya. Majibu yakija, andika barua fupi ya heshima uombe sababu kwa sentensi mbili. Wengine hawatajibu. Aliyenijibu mimi aliniambia waziwazi kwamba muhtasari wangu haukuonyesha nimefanya nini hasa, na neno lile limenifaa kuliko mafunzo ya siku tatu. Epuka kuanza kutangaza kwamba wamechaguana kindugu kama huna ushahidi. Tuhuma ya jumla inamfunga mdomo hata yule ndani ya kamati aliyekuwa akikutetea. Ukitaka kudai, dai utaratibu. Mikutano ya ramani na programu huria ya FOSS4G, ambayo Agosti 2018 ilikuja Dar es Salaam katika ukumbi wa Julius Nyerere, imezoea kuwapa wanajumuiya nafasi ya kupigia kura mihtasari kabla kamati haijafunga ratiba, na kwa mkutano ule wa Dar kulitengwa mfuko wa kuwasafirisha washiriki wasio na uwezo.   Utaratibu wa namna hiyo umekwishafanyika nyumbani. Mwandaaji akikuambia haiwezekani, mkumbushe.

Dada zangu, nanyi mna lenu, na ni zito kuliko letu. Mnaitwa kusherehesha, kuongoza jopo la wanaume wanne, kupokea wageni mlangoni. Picha inapigwa, bango linapendeza, na kazi yenu haijasikika. Novemba 2023 mkutano mmoja wa Ulaya, DevTernity, ulifutwa baada ya wasifu wa mwanamke asiyekuwepo kukutwa kwenye orodha ya wazungumzaji, na wazungumzaji wengine wakajitoa. Ukialikwa, uliza: nitazungumza nini, kwa dakika ngapi, peke yangu au kwenye jopo? Ukiambiwa ni "kuongoza mjadala tu", una haki ya kusema ninayo mada yangu na ni hii hapa. Waandaaji wanaodai wanawake hawajitokezi watazame walivyofanya wale wa mkutano wa JSConf EU wa Berlin mwaka 2012: waliwaomba wanawake watume mada, wakaficha majina katika hatua ya kwanza ya uchaguzi, na robo ya wazungumzaji wakawa wanawake.

Ukichaguliwa, kuna suala la pesa na karatasi. Usikubali kabla hujajua nani analipa nini, na liandikwe. Kijana wa mkoani anayejigharamia nauli, lodge na siku mbili za kufunga kibanda anatoa mchango mkubwa kuliko mdhamini yeyote ukilinganishwa na kipato chake. Mkutano ukiwa nje ya nchi, anza habari ya viza siku ile ile unayopata barua. Mwaka 2018 watafiti wengi wa Afrika waliokubaliwa kwenye mkutano wa akili mnemba wa Montreal walinyimwa viza za Kanada. Kilio chao kilisikika. Mkutano mwingine wa fani hiyo, ICLR, ukapangwa kufanyika Addis Ababa 2020, uviko ukauhamishia mtandaoni, na hatimaye ukaja Kigali Mei 2023. Kupaza sauti kwa majina na tarehe kuliuhamisha mkutano mzima.

Mimi nimetuma tena mwaka huu. Safari hii nimeweka majina mawili: langu na la karani wa Kiwangwa, dada ambaye ndiye aliyegundua kwamba ujumbe unajirudia, kabla mimi sijaamini. Nilipomweleza kwamba tukikubaliwa tutasimama wote wawili mbele ya watu, alifikiri kidogo, akauliza kama ukumbini kuna meza. Nikamwambia ipo. Akasema basi atakuja na daftari, lile lililolowa, aliweke pale watu walishike.